Mji Hufufuka Sokoni: Somo la Uchumi na Amani kutoka Uvira

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya familia zilizohama, familia zilizowapokea, na viongozi wa mitaa, wa kimila na wa dini. Linaweza kusomwa na mtu mmoja, lakini lina faida zaidi likisomwa kwa kikundi, sehemu moja baada ya nyingine. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.

Katika vikao vyetu na familia zilizohama, swali moja hurudi kila mara: "Uvira itasimama tena lini?" Wengine hujibu kwamba mji utasimama siku kiwanda cha sukari cha Kiliba kitakapopiga king'ora kama zamani. Wengine hutaja bandari ya Kalundu. Wengine wanasubiri mradi mkubwa kutoka Kinshasa au ng'ambo.

Matumaini hayo ni ya haki. Hata hivyo, tukiangalia miaka thelathini iliyopita, tunaona kwamba kila mara mji ulipoanza kupumua tena baada ya vita, haukuanza na kiwanda. Ulianza na mama aliyepanga ndagala zake chini, dereva aliyekubali kupita barabarani, na mwenye duka aliyekubali kukopesha tena. Ulianza pale watu waliokuwa wakiogopana walipohitajiana, wakatafuta njia ya kuuziana kwa usalama.

Ndilo jambo tunalotaka kulitazama pamoja: mji mdogo kama wetu hufufuka kwa kuunganisha upya watu wanaobadilishana mali, na kila kiungo kati yao ni mapatano ya amani. Anayelinda kiungo kimoja anajenga mji. Anayekikata anaubomoa, hata kama hakushika bunduki.

1. Uvira iliishi kwa nini?

Mji wetu umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Ndani yake hakuna nafasi kubwa ya kulima. Tangu zamani Uvira imeishi kwa kupokea mali na kuipitisha.

Kutoka ziwani zilikuja ndagala na mukeke. Kutoka bonde la Ruzizi, yaani Kiliba, Sange, Luberizi hadi Luvungi, ulikuja mpunga, mihogo, mahindi, pamba na miwa. Kutoka milimani walikuja ng'ombe na maharagwe. Kwenye mpaka wa Kavimvira, bidhaa zilivuka kwenda na kutoka Gatumba na Bujumbura. Kutoka Kalundu, meli na maboti yalikwenda Baraka, Kalemie yenye reli ya kuingia ndani ya Congo, Kigoma yenye reli ya kufika Dar es Salaam, na Mpulungu katika Zambia.

Wakati wa ukoloni palikuwa hata na reli fupi, CEFAKI, iliyounganisha bandari na Kamanyola. Ilifungwa mwaka 1958, na barabara ikachukua kazi yake. Reli ilikufa, lakini mji haukufa, kwa sababu mali iliendelea kupita. Hilo ni funzo la kwanza: chombo kinaweza kubadilika, lakini njia ikifungwa kabisa, mji unakosa hewa.

Kiliba ni mfano wa upande wa pili. Kiwanda hicho kilijengwa miaka ya 1950 na kililisha maelfu ya watu: wakata miwa, mafundi, walimu wa shule za kampuni, wauza chakula. Vita vya 1996 vilipoingia, kilisimama. Majaribio ya kukifufua yalikuja baadaye, lakini kwa miaka mingi familia zilizotegemea mshahara mmoja wa tajiri mmoja zilibaki mikono mitupu. Hatusemi viwanda ni vibaya. Tunasema kwamba mji unaosimama juu ya mguu mmoja huanguka mara moja, na kwamba kusubiri mguu huo huo urudi si mpango.

2. Vita vilikata nini?

Tunajua tarehe hizi, lakini ni vema kuzipanga ili vijana wazione.

Oktoba 1996 vita viliingia Uvira. Agosti 1998 vita vya pili vilianza. Oktoba 2002 mji ulipita kutoka mikono ya kundi moja hadi ya jingine, ukarudi tena kwa lile la kwanza, ndani ya muda mfupi. Watu wengi wa Uvira na Fizi walivuka ziwa kwenda kambi za Tanzania kama Nyarugusu na Lugufu. Wengine walikwenda Burundi. Mwaka 2003 serikali ya mpito iliundwa Kinshasa, na toka 2005 meli zilianza kurudisha wakimbizi kutoka Kigoma hadi Baraka.

Halafu yakaja maafa yasiyo ya bunduki. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda, na mwaka 2024 maji yaliingia tena katika nyumba za ufukweni. Mwaka 2025, baada ya Bukavu kutekwa mwezi Februari, ofisi za jimbo zilihamia Uvira pamoja na watu wengi waliokimbia. Desemba mwaka huo wapiganaji wa M23 waliingia Uvira yenyewe, na maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Mwezi uliofuata wapiganaji hao waliondoka mjini.

Kila mara tulipohesabu hasara, tulihesabu nyumba, mitumbwi na ng'ombe. Hasara nyingine haionekani kwa macho. Mvuvi haendi tena usiku. Mkulima anavuna mihogo kabla haijakomaa, kwa kuogopa kwamba kesho hatakuwapo. Mfugaji haleti ng'ombe sokoni. Mwenye duka hakopeshi tena kwa neno tu, anataka pesa mkononi. Kilichokatika hapo ni uaminifu, na uaminifu ndio mtaji wa kwanza wa mji maskini.

3. Tufuate beseni moja la ndagala

Ili kuelewa, tufuate safari ya beseni moja.

Kwanza, wavuvi. Usiku usio na mbalamwezi wanatoka na mitumbwi iliyounganishwa, taa juu na wavu chini. Ndagala hufuata mwanga. Ili watoke, lazima waamini kwamba hawatanyang'anywa wavu au injini majini.

Pili, mama anayenunua ufukweni alfajiri. Mara nyingi hana pesa zote. Anachukua mzigo kwa ahadi ya kulipa akiuza. Mvuvi lazima amwamini.

Tatu, kukausha. Ndagala zikianikwa juu ya mchanga, mvua moja inaharibu kazi ya siku nzima. Zikianikwa juu ya chanja ya waya, hukauka haraka, huwa safi na huuzwa kwa bei nzuri zaidi. Upande wa Burundi, FAO ilifundisha njia hii, na wengi waliifuata. Hapa mama anahitaji uwanja. Familia iliyohama haina uwanja, kwa hiyo inahitaji jirani wa kuikubalia.

Nne, usafiri. Gari linapita bonde lote hadi Kamanyola, kisha linapanda Bukavu. Dereva lazima aamini barabara.

Tano, mnunuzi wa Bukavu. Anatuma pesa au bidhaa kwa mtu ambaye huenda si wa kabila lake.

Sita, safari ya kurudi. Gari haliji tupu. Linaleta sabuni, nguo, dawa, na njiani linachukua mchele na unga wa mihogo.

Hesabuni wenyewe: katika beseni moja kuna mvuvi, mchuuzi, jirani mwenye uwanja, mbeba mizigo, dereva, mnunuzi na mkulima. Huyu anaweza kuwa Mubembe, yule Muvira, mwingine Mufuliiru, Murundi, Munyamulenge au Mushi. Hakuna aliyewaita kwenye semina ya amani. Waliitwa na njaa na faida. Lakini kiungo kimoja kikikatika, wote saba wanarudi nyumbani bila kitu.

4. Familia iliyohama ni mzigo, au ni mkono?

Mara nyingi tunasikia wenyeji wakisema: "Hawa wamekuja kumaliza chakula chetu." Tunaelewa uchungu huo. Nyumba ya vyumba viwili ikipokea familia tatu, sufuria haitoshi, choo kinajaa na kodi ya nyumba inapanda. Maji nayo huwa shida. Utafiti uliofanyika hapa Uvira na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba siku mabomba yanapokauka, wagonjwa wa kipindupindu huongezeka siku zinazofuata. Msongamano ni hatari ya kweli.

Lakini tutazame pia upande mwingine, pwani hii hii ya ziwa. Baraka ilikuwa imeharibika sana na vita. Wakimbizi walipoanza kurudi toka Tanzania mwaka 2005, wengi walirudi na ujuzi walioupata kambini: kushona, useremala, kutengeneza baiskeli na redio, biashara ndogo. Kiswahili chao cha Kigoma kiliwasaidia kufanya biashara ng'ambo ya ziwa. Mji haukusubiri kwanza ujengwe ndipo watu warudi. Watu walirudi, nao ndio walioujenga.

Mfano wa pili ni Lusenda, katika Fizi. Mwaka 2015 kambi ilifunguliwa hapo kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi. Baadaye, badala ya kugawa chakula tu, PAM ilianza kutoa pesa ili familia zinunue zenyewe. Faida ya njia hii ni rahisi kuona. Gunia la unga lililotoka mbali hulisha mkimbizi peke yake. Faranga iliyotumiwa sokoni humlisha mkimbizi, kisha humlipa mama wa kijiji aliyeuza mihogo, kisha hulipa ada ya shule ya mtoto wake. Msaada ule ule unapita katika mikono mitatu.

Njia hiyo ina sharti lake. Kama bidhaa ni chache, pesa nyingi hupandisha bei, na mwenyeji asiyepata msaada ndiye anayeumia. Kwa hiyo viongozi waulize kabla: je, soko letu lina chakula cha kutosha? Je, familia maskini za wenyeji zimeandikwa pia? Msaada usiopimwa vizuri unaweza kuleta ugomvi ambao haukuwapo.

5. Mtaji mdogo wenye kanuni: MUSO

Wengi wetu tunajua likelemba: kila mwanachama anatoa kiasi, na mmoja anachukua chote kwa zamu. Ni njia nzuri, lakini haisaidii mtu aliyeugua kabla ya zamu yake.

Mutuelle ya mshikamano, yaani MUSO, imeenea sana katika Kivu ya Kusini kwa sababu inatenganisha kazi za pesa. Ina makasha matatu. Kasha la kijani ni la akiba na mikopo midogo ya biashara. Kasha jekundu ni la matatizo: ugonjwa, kifo, moto. Kasha la buluu hupokea pesa za kutoka nje, kama mkopo au msaada, ili zisichanganywe na jasho la wanachama.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme wanachama 20 wanaweka faranga 1,000 kila mmoja, kila juma, katika kasha la kijani. Kwa juma moja ni faranga 20,000. Kwa mwaka wa majuma 52 ni faranga 1,040,000, bila kuhesabu faida ya mikopo. Hakuna mfadhili aliyekuja. Pesa hizo zilikuwa mtaani, zimetawanyika.

Kwa kazi ya amani, jambo kubwa zaidi ni utaratibu. Katika MUSO iliyo sawa, funguo za sanduku hazikai kwa mtu mmoja. Hesabu husomwa mbele ya wote. Asiyejua kusoma husikia kwa masikio na kukumbuka kwa kichwa. Pale ambapo mwenyeji na mhamaji wameketi katika MUSO moja, kila mmoja ana sababu ya kutaka mwenzake apone, afanikiwe na asikimbie usiku. Tunashauri vikundi visiwe vya kabila moja au vya wahamaji peke yao, ikiwa usalama unaruhusu.

6. Ng'ombe na shamba

Hakuna kiungo kinachokatika haraka kama hiki. Wakati wa kiangazi malisho hupungua milimani, na wafugaji huteremsha ng'ombe kutafuta majani na maji. Njiani kuna mashamba. Ng'ombe mmoja akila mihogo ya mjane, jioni neno linakuwa "shamba la mama fulani." Kesho yake linakuwa "kabila lile limekula kabila hili."

Desturi zetu zilikuwa na dawa. Mfugaji alipita kwa idhini ya chifu wa eneo na kutoa ada ya mapito, ambayo katika sehemu zetu huitwa itulo. Vita viliharibu utaratibu huo. Wenye silaha walianza kudai ada hiyo wao wenyewe, na mkulima aliyeharibiwa hakupata kitu.

Katika Uvira na Fizi, mashirika ya hapa nchini na wenzao wa kigeni waliwasaidia wakulima, wafugaji na machifu kukaa tena pamoja. Mapatano yanayoweza kudumu huwa na mambo manne: njia za ng'ombe zinazojulikana na kuonyeshwa kwa alama, tarehe ya kushuka, baada ya mavuno, kamati yenye wakulima na wafugaji wa kukadiria hasara siku ile ile, na ada inayolipwa mahali pamoja, mbele ya mashahidi. Mapatano haya huonekana kuwa ya amani, na ni kweli. Lakini ni ya uchumi pia. Yakishikwa, nyama na maziwa hufika sokoni Uvira, na mihogo hukomaa shambani.

7. Mfano wa mbali: mji wa Roanoke

Tusidhani kwamba shida ya mji mdogo ni yetu peke yetu. Katika Marekani, jimbo la Virginia, kati ya milima ya Appalachia, kuna mji unaoitwa Roanoke. Mji huo ulikua kwa sababu ya kampuni moja ya reli, iliyobeba makaa ya mawe kutoka milimani. Polepole katikati ya mji palianza kudhoofika, maduka yakafungwa. Mwaka 1982 kampuni hiyo iliungana na nyingine, na makao makuu yake yakahamishwa.

Watu wa Roanoke walianza wapi? Walianza na soko lao la zamani, ambalo wakulima wa milimani waliuza mazao yao tangu mwaka 1882. Katika mpango wa mwaka 1979, wataalamu walifungua ofisi ndogo hapo hapo mtaani, karibu na soko, na kutumia televisheni ya mji: wananchi walipiga simu na kutoa mawazo yao wakati kipindi kikiendelea. Mwaka 1983 ghala moja la zamani karibu na soko lilifunguliwa kuwa nyumba ya michezo ya kuigiza, sanaa na sayansi. Miaka ya baadaye hospitali na chuo cha udaktari vikawa nguzo mpya za kazi.

Lakini historia ya Roanoke ina upande mchungu, nao unatuhusu sana. Kuanzia miaka ya 1950, kwa jina la kuutengeneza mji upya, mamlaka ya mji yalibomoa mitaa ya Wamarekani weusi. Nyumba, maduka na makanisa yalikwenda, na familia zikatawanyika. Mji ulipendeza kwa wengine, na wengine wakapoteza kila kitu. Hata leo wazee wa mitaa ile wanalikumbuka jambo hilo kwa uchungu.

Basi kila tunaposikia kwamba mji unafufuliwa, tuulize: unafufuliwa kwa ajili ya nani? Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinasema kwamba watu waliohama warudi kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima, na washiriki wenyewe katika kupanga kurudi kwao. Barabara ikipanuliwa, soko likijengwa, au ufukwe ukitengwa kwa sababu ya maji, aliyehama aitwe kikaoni kabla ya alama nyekundu kupakwa kwenye nyumba yake.

8. Tahadhari: soko peke yake halitoshi

Tungekuwa tunadanganya tukisema kwamba watu wanaofanya biashara pamoja hawauani. Tarehe 13 Agosti 2004, watu zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge waliokuwa wamekimbia Congo, waliuawa usiku huko Gatumba, kando ya barabara ile ile ya biashara. Juni 2014 watu zaidi ya 30, wengi wao Bafuliiru, waliuawa usiku huko Mutarule, katika bonde linalolisha mji wetu. Tunawakumbuka wote. Soko lilikuwapo, na halikuwaokoa.

Tena, soko linaweza kulisha vita. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS ilihesabu vizuizi vya barabarani, yaani bariere, 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Vingi vilishikwa na watu wenye silaha, wa serikali na wasio wa serikali. Kila bariere huongeza bei ya beseni la ndagala, na hununua risasi kwa jasho la mama mchuuzi.

Kwa nini basi tunasisitiza soko? Kwa sababu soko lenye kanuni hufanya mambo mawili ambayo hotuba haziwezi kufanya. Kwanza, ni mahali pa kupima uvumi. Mtu akisema, "Wale wa kule wanajiandaa," mama aliyenunua kwao asubuhi anaweza kujibu, "Nimetoka huko sasa hivi." Pili, humfanya kila mmoja awe na kitu cha kupoteza, na mwenye kitu cha kupoteza hupiga kelele mapema.

Mambo haya mawili hayatokei yenyewe. Yanahitaji kanuni zinazoandikwa na kushikwa. Tazameni umeme wa mto Ruzizi. Mwaka 1983 nchi yetu, Rwanda na Burundi ziliunda shirika moja, SINELAC, na kituo cha Ruzizi II kikaanza kazi mwaka 1989. Baada ya hapo nchi hizo zimegombana vikali, lakini shirika hilo halikugawanywa vipande vitatu. Linashikiliwa na mkataba na mahitaji ya wote.

9. Tuanzie wapi?

Kwa familia zilizohama:
– Andikeni ujuzi wenu. Katika kambi au mtaa, orodha ya mafundi, wakunga, walimu, wavuvi na washonaji ni mali.
– Ingieni katika MUSO mapema, hata kwa kiasi kidogo, pamoja na wenyeji.
– Tunzeni hati za viwanja na mashahidi wa mipaka. Mkirudi na kukuta mtu mwingine, nendeni kwenye usuluhishi kabla ya kwenda kwenye panga.

Kwa viongozi wa mitaa na wa kimila:
– Kodi ya soko iwe moja, ijulikane, na itolewe risiti. Mchuuzi aliyelipa asubuhi asidaiwe tena jioni.
– Wekeni kamati ya soko yenye wanawake, kwa kuwa wao ndio wengi sokoni, na yenye watu wa kila jamii.
– Uvumi ukiingia, kamati ikutane siku hiyo hiyo na kupeleka habari iliyothibitishwa kwenye redio na nyumba za ibada.
– Tengeni sehemu ya kukaushia ndagala kwa ajili ya wasio na uwanja, mbali na maji yanayopanda.
– Lindeni samaki wenyewe. Nchi nne za ziwa zilikubaliana kusimamisha uvuvi miezi mitatu kwa mwaka, toka 15 Mei hadi 15 Agosti. Familia ya mvuvi inahitaji akiba ya kupita miezi hiyo, la sivyo sheria itavunjwa usiku.

Kwa wanaoleta misaada, nasi tukiwamo:
– Tununue hapa hapa kila inapowezekana.
– Tuulize kwanza msaada wetu utamgusaje jirani asiyeandikwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Fuateni bidhaa moja ya mtaa wenu kutoka inapoanza hadi inapoishia. Ni watu wangapi wanategemeana? Kiungo kipi ni dhaifu zaidi sasa?
2. Ni nani katika soko letu anaogopa kuja? Anaogopa nini? Nani anaweza kumhakikishia usalama?
3. Likelemba na MUSO vina tofauti gani? Kipi kinafaa kwa familia ambayo huenda itahama tena?
4. Uvumi wa mwisho uliofunga maduka hapa kwetu ulikuwa upi? Ulikuwa wa kweli? Nani angeweza kuupima?
5. Kama mji ukijengwa upya, ni familia zipi zinaweza kusahauliwa? Tufanye nini sasa ili majina yao yawe mezani?

Ndugu wasomaji, hatuwezi kuahidi kwamba vita havitarudi. Hilo liko katika mikono mikubwa kuliko yetu. Lakini bei ya haki, sanduku lenye funguo tatu, njia ya ng'ombe iliyowekwa alama, na uwanja wa kuanikia aliopewa mgeni viko katika mikono yetu. Tuanze na kimoja kabla ya kikao kijacho, tukiangalie baada ya mwezi, kisha tuongeze cha pili. Haba na haba hujaza kibaba.